Chora Mtaa Kabla ya Kuchora Kuba

(Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Unguja.)

Mada ya mazungumzo haya ni ujenzi wa misikiti na vituo vya jumuiya za Kiislamu katika miji ya Magharibi. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakajiuliza mada hiyo inawahusu nini watu wa Unguja, ambao misikiti wanayo tele na ambao hawahitaji kumwomba jirani ruhusa ili waadhini. Jibu ni kwamba inawahusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya damu na udugu. Tangu miaka ya 1960, na hasa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, watu wengi wa Afrika Mashariki wamefanya maskani yao London, Leicester, Toronto, Vancouver na kwingineko. Huko wamezaa, wamezika, na wamelazimika kujenga. Kila walipoketi na msanifu wa majengo kumweleza wanachotaka, wameulizwa swali ambalo nyumbani halikuwahi kuulizwa kwa sauti: msikiti ni nini hasa, na ndani yake muwe na nini?

Njia ya pili ni ya hapa hapa. Swali hilo hilo sasa limeingia Unguja. Misikiti ya kale inabomolewa au inavikwa marumaru, na mahali pake panainuliwa majengo ambayo sura yake imetolewa katika picha za kalenda: kuba la Istanbul, mnara wa Madina, milango ya kioo. Nia ya wajenzi ni njema, na fedha nyingine hutoka kwa ndugu hao hao walio ughaibuni. Lakini nia njema bila ya fikra huweza kubomoa kile ambacho karne nyingi zimekijenga. Kwa hiyo basi, ni vema kwanza kuutazama Mji Mkongwe wenyewe na kuuliza umefundisha nini, kisha kutazama waliokwenda mbali wamefanya nini kwa mafunzo hayo.

MTAA NDIO KITUO

Mji Mkongwe wa Unguja una eneo lisilozidi hekta 96, na ndani yake mna misikiti ipatayo hamsini. Mgeni anayepita katika vichochoro vyake kwa mara ya kwanza hataiona mingi kati ya hiyo. Ataona ukuta mweupe, dirisha lenye vyuma, viatu vilivyopangwa mlangoni, na ndipo atambue. Mingi haina mnara wala kuba. Sababu moja ni kwamba watawala na matajiri wengi wa karne ya 19 walikuwa Maibadhi, na madhehebu yao hupenda usahili katika nyumba ya ibada. Sababu ya pili ni kwamba msikiti ulikuwa wa mtaa wake. Watu walioutumia walikuwa wakisikia sauti ya muadhini akiwa mlangoni au juu ya dari, na hawakuhitaji alama ya kuwaonyesha njia.

Jambo kubwa zaidi ni hili: katika mji huo hakuna jengo la kale linaloitwa kituo cha jumuiya, kwa maana kituo kilikuwa mtaa wenyewe. Watoto walisomeshwa chuoni, mara nyingi ndani ya nyumba ya mwalimu au mwalimu wa kike. Elimu ya juu ilipatikana katika darsa na madrasa, kama ile ya Sheikh Abdalla Bakathir pale Ukutani, iliyovuta wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za pwani hadi alipofariki mwaka 1925. Habari na mashauri vilipatikana barazani. Harusi ilifanyika nyumbani na uchochoroni. Maiti alioshwa nyumbani kwake na kubebwa katika jeneza lililotunzwa msikitini. Mgonjwa alikwenda zahanati iliyojengwa na mfanyabiashara: mfano ni lile jumba zuri la pwani lililoanzwa na Tharia Topan mwaka 1887, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Zahanati ya Zamani.

Ukiutazama mpango huo kwa makini utaona kwamba msikiti ulikuwa chumba kimoja tu katika nyumba kubwa iitwayo mtaa. Uliweza kuwa mdogo na mnyenyekevu kwa sababu mambo mengine yote yalikuwa yamebebwa na majirani zake.

Sasa mtoe mtu katika mtaa huo, umweke katika mji ambao jirani yake wa kulia hamjui na wa kushoto hana dini yake. Mtoto wake hana chuo. Mkewe hana shoga wa kukaa naye uani. Akifiwa, nyumba yake ya ghorofa haina nafasi wala ruhusa ya kuoshea maiti. Mtu huyo akijenga msikiti wa chumba kimoja, hata chumba hicho kiwe na kuba la dhahabu, atakuwa amejenga asilimia ndogo tu ya kile alichokipoteza. Hapo ndipo inapopatikana kanuni ya kwanza ya mazungumzo haya: nyumbani mtaa ndio kituo, ughaibuni jengo lazima liubebe mtaa.

MAJI KABLA YA NAKSHI

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, alieleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Lakini maelezo yake hayakuishia hapo. Alieleza kwamba penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vifupi, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji. Ardhi iliyozunguka msikiti ilisakafiwa, na mlangoni palikuwa na kipande cha mkeka mnene. Mtu aliosha miguu, akaifuta, akaingia. Hayo ni maelezo ya msafiri, lakini mchoraji wa ramani akiyasoma atayaona kuwa ni ramani kamili: kwanza maji, kisha njia safi, kisha mahali pa kufutia miguu, ndipo swala.

Utaratibu huo ulidumu pwani yote. Kisima, birika na kata vilikuwa sehemu ya msikiti kama ilivyo mihrabu. Ajabu ni kwamba vituo vingi vya siku hizi, nyumbani na ughaibuni, huyaweka maji mwisho. Fedha humalizika juu ya nakshi, na mahali pa kutawadhia pakawa ni pembe yenye mabomba matatu, sakafu ya kuteleza, na foleni siku ya Ijumaa. Katika nchi ya baridi kosa hilo ni kubwa maradufu. Mzee anahitaji maji ya moto, benchi la kukalia, taulo, na njia kavu hadi kwenye zulia. Yanahitajika pia makabati ya viatu na mahali pa kutundika makoti mazito, vitu ambavyo mjenzi wa Malindi au Kiponda hakuwahi kuvifikiria kwa sababu hakuwa na haja navyo.

Kibla nacho kina mafunzo yake. Unguja iko karibu kusini kabisa ya Makka. Mistari yao ya longitudo hupishana kwa chini ya digrii moja. Ndiyo maana kwa mtu wa pwani kibla na kaskazini ni kitu kimoja, na mabaharia walilitumia neno kibla kwa maana hiyo. Anayehamia London hukuta kwamba kibla kimegeuka kikawa kusini mashariki. Anayehamia Toronto hukuta kwamba ni kaskazini mashariki, na huko Amerika ya Kaskazini jambo hili limezusha ubishi mwingi, kwa sababu ramani ya karatasi humwonyesha mtu kuwa Makka iko upande wa kusini mashariki. Mwalimu wa jiografia anaweza kuumaliza ubishi huo darasani kwa tufe na uzi: ukiuvuta uzi kutoka Toronto hadi Makka kwa njia iliyo fupi kabisa, utaanza safari yake kwa kuelekea kaskazini mashariki.

Kwa mchoraji, hesabu hiyo si ya nadharia. Viwanja vya mijini hufuata barabara, wala havifuati Makka. Nyumba iliyogeuzwa kuwa msikiti hulazimika kuwa na mazulia yaliyotandikwa mshazari, na safu za mbele zikabaki na pembe zisizotumika. Mwenye busara hukipima kibla kabla ya kununua kiwanja, na kama kiwanja kimepinda, hupanga vyumba vidogo, yaani maktaba, ofisi na stoo, vimeze upotofu huo ili ukumbi wa swala ubaki umenyooka.

Kuna na saa. Unguja jua huchwa mwaka mzima katika muda wa saa 12 jioni au kupindukia kidogo. London, katikati ya Desemba jua huchwa yapata saa 9 na dakika 50 alasiri. Katikati ya Juni huchwa yapata saa 3 na dakika 20 usiku. Maana yake ni kwamba wakati wa baridi watoto hutoka shule huku Magharibi ikiadhiniwa, na wakati wa joto Isha husaliwa usiku mkubwa majirani wakiwa wamelala. Jengo la namna hiyo linahitaji madarasa yaliyo karibu na ukumbi, na njia za kutokea zisizomwamsha jirani. Hakuna kalenda ya picha inayoonyesha mambo hayo.

NANI ATALIPA MAFUTA YA TAA?

Funzo la tatu la Mji Mkongwe ni la fedha. Waliojenga misikiti Unguja walijua kwamba msikiti hula kila siku: mafuta ya taa, majamvi, chokaa, maji, mshahara wa imamu na wa mfagizi. Kwa hiyo mjenzi hakujenga msikiti peke yake. Aliweka wakfu nyumba, duka, au shamba la minazi na mikarafuu, ili pato lake liutunze msikiti baada ya yeye kufa. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilianzisha Kamisheni ya Wakfu, na kwa njia hiyo ikajiingiza katika usimamizi wa mali hizo. Baada ya uhuru na Mapinduzi, usimamizi uliwekewa sheria mwaka 1980, na tena kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2007, ambayo chini yake Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana hufanya kazi.

Nyumba ya wakfu ambayo kodi yake haipandi kwa miaka mingi, hali gharama za matengenezo zinapanda, haiwezi kuulisha msikiti. Mwisho nyumba na msikiti huchakaa pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji Mkongwe methali hiyo si ya fumbo. Wote wanakumbuka jinsi sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Jumuiya zilizoko Magharibi mara nyingi huchanga kwa nguvu ili kujenga, na hupungukiwa ili kutunza. Umeme wa kupasha moto ukumbi mkubwa katika majira ya baridi ni mzigo wa kila mwezi. Anayefuata busara ya wakfu atauliza tangu siku ya kwanza: ni sehemu gani ya jengo hili itakayoingiza pato la halali? Yaweza kuwa ni ukumbi unaokodishwa kwa harusi, duka lililo mbele ya barabara, mkahawa, au vyumba vya masomo. Vitu hivyo haviondoi heshima ya msikiti. Ni majina mapya ya duka la wakfu.

WALIOTANGULIA WAMEFANYA NINI

Ni vema sasa kutazama mifano. Waismailia, ambao wengi wao walitoka Afrika Mashariki, waliweka jiwe la msingi la kituo chao South Kensington, London, mwaka 1979, na kituo kikafunguliwa mwaka 1985. Kiwanja hicho hakikuwa cha kawaida: kimezungukwa na barabara pande zote, kinatazamana na jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na zamani kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya kujenga jumba la taifa la tamthilia. Kampuni ya wasanifu ya Casson Conder haikuweka kuba wala mnara. Kuta ni za jiwe la matale, zenye madirisha membamba. Ndani mna kumbi za mikutano na jamatkhana, na juu ya paa mna bustani yenye maji. Msomaji wa Mji Mkongwe atautambua mtindo huo mara moja: nje ni ukuta mkimya, ndani ni ua uliotulia. Mwaka huo huo wa 1985 kituo kingine cha jumuiya hiyo kilifunguliwa Burnaby, Kanada, kwa mchoro wa Bruno Freschi. Toronto ilipata chake mwaka 2014, kazi ya Charles Correa wa India, ambaye aliufunika ukumbi wa sala kwa paa la kioo linalopokea mwanga wa jua.

Mfano mwingine, usiokuwa wa watu wa pwani lakini wenye faida kwa wote, ni msikiti wa Cambridge, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 2019. Kabla yake Waislamu wa mji huo walisali katika msikiti mdogo ambao siku za Ijumaa ulifurika hadi nje. Wasanifu Marks Barfield walijenga msikiti wa watu wapatao 1,000. Nguzo zake za mbao hupanda na kutawanyika darini kama matawi ya miti; mtu hupita kwanza bustanini, kisha barazani, kisha ukumbini, akiacha kelele za barabara hatua kwa hatua. Kuna mkahawa, chumba cha masomo, na chumba cha kuandalia maiti. Kuba lipo, ila ni dogo. Mnara mrefu haupo.

Lipo funzo moja katika mifano yote hiyo. Hakuna iliyoanza kwa sura. Kila mmoja ulianza kwa orodha ya mambo ambayo watu watayafanya humo kutoka asubuhi hadi usiku, kutoka akika hadi maziko. Kwa maneno mengine, walichora mtaa kwanza.

KUBA, MNARA NA HESHIMA

Hapa hapana budi kuyakabili maneno ya wale wenye maoni tofauti, kwani ni maneno ya haki. Husema kwamba katika nchi ya ugeni mtu hahitaji kujificha. Kijana aliyezaliwa Leicester, anayedhihakiwa shuleni kwa jina lake, anapouona mnara wa msikiti katika anga la mji huo hupata kifua. Kumwambia kwamba babu zake walisali katika nyumba zisizoonekana ni kumwambia aone haya.

Ni kweli kwamba heshima ni haja ya mwanadamu. Hata Unguja haikukosa mnara: mnara wa msikiti wa Malindi, mnene chini na mwembamba juu mithili ya pia, umesimama tangu karne ya 19 na kuwa alama ya mji kwa wanaokuja kwa jahazi. Ni kweli pia kwamba kuna tofauti kubwa baina ya watu walioamua kwa hiari yao kutojenga mnara na watu waliokatazwa. Uswisi, kwa kura ya tarehe 29 Novemba 2009, ilipiga marufuku ujenzi wa minara kwa asilimia 57.5 ya kura, ingawa nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Marufuku hayo hayakuhusu usanifu wa majengo; yalihusu nani ahesabiwe kuwa mwananchi. Yeyote anayetumia usahili wa misikiti ya Unguja kutetea marufuku ya namna hiyo amekosea.

Lakini heshima si sawa na kuiga. Jengo maarufu lenye kuba katika mji wa Unguja, Beit el-Amani, si msikiti. Ni jumba la makumbusho lililokamilika mwaka 1925 kwa mchoro wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza, aliyependa kuvisha majengo ya serikali sura aliyoiona kuwa ni ya Mashariki. Kuba likaenda kwa mkoloni, na misikiti mingi ya mtaani ikabaki na dari yake bapa ya boriti. Hapo panaonyesha kwamba mawazo ya watu kuhusu "sura ya Kiislamu" huweza kutengenezwa na wasiokuwa Waislamu, kisha Waislamu wenyewe wakayapokea na kuyalipia. Mkataa kwao ni mtumwa. Na anayeona aibu kwa msikiti wa babu yake kwa sababu hauna kuba, ameazima macho ya mwingine.

Ukitaka ushahidi, safiri hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Utakuta msikiti mdogo wenye paa la bati, ambao mpita njia angeudhania wa juzi. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa zaidi ya karne tisa watu wa kijiji kile wameutengeneza na kuujenga tena bila ya kuhitaji kuonekana kutoka mbali. Heshima yake imo katika kudumu.

NAFASI YA WANAWAKE

Kuna jambo moja ambalo mafunzo ya Mji Mkongwe hayatoshi, na ni wajibu kulisema wazi. Mingi ya misikiti yake ya kale haikutengewa mahali pa wanawake. Hapo zamani wanawake walikuwa na uwanja wao: nyumba, ua, chuo cha mwalimu wa kike, maulidi na hitima za majumbani. Uwanja huo ulikuwa na nguvu kwa sababu mtaa ulikuwa na nguvu.

Ughaibuni uwanja huo haupo, na hata hapa nyumbani unapungua kadiri watu wanavyohamia mitaa mipya ambako nyumba zimezungushiwa kuta. Kuwajengea wanawake chumba cha chini chenye mlango wa nyuma na kipaza sauti kinachokatika si kuwapa nafasi. Wao ndio walimu wa kwanza wa lugha na wa dini, na mara nyingi ndio wanaowaleta watoto kituoni. Kamati inayochora ramani bila ya mwanamke hata mmoja itapata jengo ambalo nusu ya watu wake hawataliita lao, na baada ya miaka ishirini watoto wa watu hao nao hawataliita lao.

WAJIBU WA WALIO NYUMBANI

Sasa ni zamu ya wasikilizaji wenyewe. Mtumishi wa umma ndiye anayepokea maombi ya kiwanja na ya kibali. Mwalimu ndiye mara nyingi anayechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya msikiti, kwa kuwa anajua kuandika barua na kutunza hesabu. Wote wawili wana uwezo wa kuuliza maswali kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sheria peke yake haiwezi kuulinda msikiti ambao kamati yake imeshaamua kwamba wa kale ni duni. Kinachohitajika ni elimu. Kwa mfano, ukuta wa jiwe la matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya miaka michache lipu hubanduka na ukuta huanza kuoza. Wanakamati huona ubovu huo wakasema jengo limezeeka, livunjwe. Kumbe jengo halikuuawa na uzee, bali na saruji iliyopakwa kwa nia ya kulipendezesha. Vivyo hivyo boriti: ule upana wa vyumba usiozidi mita 3 hivi, unaowachosha vijana wa leo, ulitokana na urefu wa mti wa mkoko, na ndio uliozaa zile safu za nguzo zinazoupa msikiti wa pwani kivuli na utulivu wake. Anayetaka ukumbi mpana ana haki ya kuutaka. Ajenge mpya penye nafasi, asivunje wa zamani ambao hauwezi kurudi.

Kwa hiyo, kila ramani ya msikiti au kituo itakapoletwa mezani, iwe ni ya Unguja au imetumwa na ndugu aliye London akitaka ushauri, yafaa iulizwe maswali matano. La kwanza: maji yako wapi, na mzee atayafikiaje? La pili: kibla kimepimwa na nani, na kiwanja kimekikubali? La tatu: ni pato gani litakaloutunza msikiti mwaka wa ishirini baada ya kufunguliwa? La nne: mtoto, mwanamke, mgonjwa na maiti wamewekewa nafasi gani? La tano: jirani asiyeswali humo atafaidika nini kwa kuwa karibu nao? Maswali hayo matano yakijibiwa, mnara na kuba vinaweza kujadiliwa kwa raha, na kama fedha imebaki, vijengwe. Yasipojibiwa, ramani irudishwe kwa mwenyewe kwa adabu, naye apewe muda wa kufikiri.

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma, wale waliokwenda mbali wakauliza msikiti ni nini, jibu lao liko hapa, katika vichochoro vya Malindi, Kiponda na Ukutani, na katika ukuta wa Kizimkazi. Lakini jibu hilo haliwezi kusomwa kama kitabu chenyewe kinachanwa ukurasa baada ya ukurasa. Kazi ya kukihifadhi ni ya walio karibu nacho, na haiwezi kungojea michango ya kutoka nje. Inaanza katika kikao kijacho cha kamati, pale katibu atakapoisoma ajenda ya "kuubomoa msikiti wa zamani" na mtu mmoja akainua mkono kuuliza sababu.